Daftari linasema hivi, pochi inasema vile

Barua za toleo hili zimetoka mikoa tofauti, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini hela iliyoandikwa na hela iliyopo hazifanani. Bei mtakazokutana nazo ni zile walizotuandikia wasomaji au tulizoziweka kwa mfano. Badilisha uweke za soko lako.

Shikamooni. Mimi ni mama wa nyumbani, na nauza vitenge kidogo. Tangu Ramadhani iishe naandika kila ninachonunua, hata kiberiti. Mwisho wa mwezi daftari likasema nimetumia 410,000, lakini nikichukua zilizoingia nikatoa zilizobaki naona zimeondoka zaidi ya 500,000. Nimejumlisha mara tatu. Kosa liko wapi?
*Mama wa watatu, Mbagala*

Marahaba, mama. Huna kosa la kujumlisha. Unaandika kinachotoka bila kuhesabu kinachobaki, basi. Daftari la namna hiyo lina vitu ulivyovikumbuka tu. Ulivyovisahau havionekani mpaka mwezi uishe, na hapo huwezi tena kujua vilikuwa vya siku gani.

Geuza utaratibu. Kila usiku, kabla hujaandika chochote, hesabu hela zilizopo mahali pote zinapokaa: pochi, simu, kabatini, na ile noti uliyoifunga kwenye pindo la khanga. Chukua jumla ya jana usiku, ongeza kilichoingia leo, toa jumla ya usiku huu. Jibu lake ndilo matumizi yako ya leo, upende usipende. Sasa ndipo uandike ulivyonunua, uone vinafika wapi.

Tuseme jana usiku pochi ilikuwa na 18,500, simu 42,000 na kabati 100,000. Jumla 160,500. Leo baba watoto ameacha 15,000, zinakuwa 175,500. Usiku unakuta pochi ina 18,700, simu 20,650 na kabati ni ileile 100,000, yaani 139,350. Umetumia 36,150. Unaandika: sembe kilo mbili 3,600, dagaa 3,000, mafuta ya kula 2,500, nyanya na vitunguu 1,500, nauli 2,400, umeme wa LUKU 10,000, umemtumia mdogo wako 10,000. Zinafika 33,000. Kuna 3,150 hazina jina. Kwa siku moja si kitu. Kwa siku 30 ni 94,500, na bila shaka hapo unaanza kuuona upungufu wako.

Usiishie kwenye hiyo 3,150, igawe kwa mifuko. Kwenye pochi uliingiza 15,000 juu ya 18,500, ukatoa 13,000 za soko na nauli, kwa hiyo zilitakiwa zibaki 20,500. Zipo 18,700, zimepungua 1,800. Kwenye simu zilitakiwa zibaki 22,000, zipo 20,650, zimepungua 1,350. Tunazitenganisha kwa sababu chanzo chake si kimoja. Za simu zina ushahidi: fungua ujumbe wa muamala na utakuta makato ya kutuma pamoja na ile "ya kutolea" uliyomwongezea mdogo wako. Watu wengi huandika "nimemtumia 10,000" kwa sababu ndiyo aliyoiomba, wakati simu imetoa zaidi. Andika kiasi kilichoondoka kwenye salio, usiandike kiasi alichopokea mtu. Na usifute ujumbe kabla ya kuandika. Kama umeshafuta, menyu ya mtandao wako ina taarifa ya miamala ya karibuni.

Za pochi hazina ushahidi. Hizo ni barafu za watoto, chenji uliyomwachia konda, maji ya njiani, mia mbili za kubeba mzigo. Usikae usiku kucha kuzitafuta na usizibunie jina. Andika "hazijulikani 1,800" na uende ukalale. Watu wakishachoka kutafuta, hubandika upungufu wote kwenye "mboga", na hapo daftari linaanza kukudanganya, maana mwezi ujao utabana mboga ambayo haikuwa na tatizo. Mstari wa hazijulikani ukiwa chini ya 1,000 kwa siku, uache. Ukipanda siku zilezile, kwa mfano kila Jumamosi, utajua pa kutazama.

Makosa mengine matatu yanayovuruga hesabu hii:

Kutoa hela kwa wakala si matumizi. Ukitoa 50,000 umehamisha hela kutoka simu kwenda pochi. Matumizi ni makato peke yake. Ukiandika 50,000 na baadaye ukaandika vitu ulivyonunua kwa hizohizo, umehesabu mara mbili.

Jirani akikopa 5,000, imetoka mfukoni lakini hujaitumia. Iandike siku hiyo ili hesabu ifunge, na uiandike pia ukurasa wa nyuma wa wadaiwa. Akirudisha, inaingia kama hela iliyoingia.

La tatu ni vitenge, na hapa ndipo tunapokushuku zaidi. Hela ya biashara iwe na pochi yake, na isihesabiwe kabisa kwenye jumla ya usiku. Ukihitaji hela ya nyumbani kutoka huko, jilipe kiasi fulani kwa siku maalumu na ukiandike kama kilichoingia. Ukichota 2,000 leo na 3,000 kesho kutwa, mtaji utakuwa unanunua mchicha, nawe utaambiwa na daftari kwamba nyumba yako inaishi kwa bei rahisi.

Naendesha bodaboda, pikipiki ya mkataba. Nikisoma mambo ya bajeti naona yote ni ya watu wa mshahara. Mimi leo napata 30,000, kesho 9,000. Mwezi nitaupangaje?
*Dereva, Mwanza*

Usipange mwezi, ndugu yetu. Wewe hela yako ni ya siku, basi bajeti iwe ya siku. Kazi iliyopo ni kuzivunja gharama za mwezi na mwaka zikae kwenye siku.

Fanya hivi. Kodi 60,000 kwa mwezi, umeme 12,000, maji 6,000, na ada ya mtoto 312,000 kwa mwaka ambayo ni 26,000 kwa mwezi. Jumla 104,000. Gawa kwa siku unazofanya kazi kweli, usigawe kwa 30. Kama unapumzika Jumapili ni siku 26, na jibu ni 4,000. Ukigawa kwa 30 utapata kama 3,470, ndogo na ya kupendeza, na mwisho wa mwezi utapungukiwa karibu 14,000 usijue kwa nini.

Hiyo 4,000 inatoka kabla ya chakula, lakini baada ya mambo matatu ya kazi: mafuta, hesabu ya tajiri (hela ya mwenye pikipiki), na fungu la chombo. Fungu la chombo ndilo wanalolisahau wengi. Oili, tairi, cheni na breki vinalika kila siku ingawa vinalipiwa siku moja moja. Chukua gharama zote za gereji za miezi mitatu iliyopita, gawa kwa siku ulizofanya kazi. Bila fungu hili, siku ya kubadilisha tairi ndiyo siku ya kula kodi.

Kuhusu 30,000 na 9,000: kwa siku 14, andika kinachobaki baada ya mambo hayo matatu. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha tazama ya nne kutoka chini. Ishi kwa kiasi hicho. Siku mbovu kuliko hiyo zitakuwa chache, na siku nzuri zitazibeba. Usitumie wastani. Siku mbili za sikukuu zinaweza kuuinua wastani ukaonekana una maisha usiyokuwa nayo.

Wapi pa kuiweka hiyo 4,000? Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, maana yake hela hii itakaa muda mrefu na itakutazama. Kibubu kinafaa kama kimepigiliwa misumari na kwako hapaingii kila mtu. Ubaya wake ni kwamba hujui kilichomo, basi bandika karatasi nyuma yake uandike kila unapotumbukiza. Ukipenda simu, tumia laini ya mtandao mwingine, ambayo hupokei nauli kwayo na haina bando. Kuiacha kwenye laini ya kazi ni kujitega.

Nikinunua umeme wa 10,000 tarehe za mwanzo napata uniti kama 23, nikinunua tena katikati ya mwezi napata 28. Je, naibiwa? Mimi ni mpangaji.
*Mpangaji, Tabata*

Huibiwi. Ila kuna kitu unalipa ambacho si chako. Mwezi unapoanza, ununuzi wa kwanza wa LUKU unakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kwa hiyo kwenye 10,000 yako zinabaki 8,500 za umeme.

Soma risiti ya 10,000 isiyo na kodi ya jengo: umeme wenyewe 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, REA (umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97. Kwa mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) uniti ni 292 kabla ya makato hayo, na ukiyajumlisha inafika kama 356. Gawa 10,000 kwa 356, unapata 28. Gawa 8,500, unapata 23 na ushei. Namba zako ziko sawa kabisa.

Kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa ununuzi wa kwanza wa kila mwezi, na siku ya kulipa kodi ya pango mwonyeshe baba mwenye nyumba ili mzitoe kwenye pango: 1,500 kwa miezi sita ni 9,000. Kubalianeni hilo mapema, kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa mazungumzo huwa magumu. Na kama mita ni moja kwa wapangaji wanne, anayenunua kwanza mwezi huo ndiye anayeibeba kodi ya wote. Wekeni zamu au mgawane 375 kila mmoja.

Kwenye daftari, iandike 1,500 mstari wake. Ukiichanganya na umeme utadhani mwanzo wa mwezi friji inakula sana.

Naacha 10,000 mezani kila asubuhi, tuko watu sita. Mke wangu anasema haitoshi na mimi naona ni nyingi. Nimwombe aandike kila kitu?
*Baba, Dodoma*

Unaweza kumwomba, baba, lakini kwanza ipige hesabu mwenyewe kwa bei ulizotutajia kwenye barua yako. Chai: sukari robo 800, maandazi sita 1,200. Mchana: sembe kilo moja na nusu 2,700, maharage nusu kilo 1,500, mafuta robo lita 1,500, nyanya na kitunguu 1,000. Usiku: mchele kilo moja 2,500, mboga au dagaa 2,000. Mkaa makopo mawili 2,000. Jumla 15,200. Hapo hakuna nyama, sabuni, chumvi wala majani ya chai. Mke wako anaziba 5,200 kila siku, na swali la kumuuliza, kwa upole, ni anazitoa wapi. Inawezekana jibu likawa deni la dukani.

Tunajua utakachouliza: je, tukinunua kwa jumla? Ushauri huo hutolewa kila mahali kama dawa ya kila ugonjwa, basi tuupime. Kwa mwezi mnakula sembe kilo 45. Kiroba cha kilo 25 kwa 39,000 ni 1,560 kwa kilo badala ya 1,800, unaokoa 10,800. Sukari kilo saba na nusu: ya robo robo inafika 3,200 kwa kilo, ya kilo nzima 2,800, unaokoa 3,000. Mafuta lita saba na nusu: ya kupimiwa ni 6,000 kwa lita, dumu la lita tano kwa 25,000 ni 5,000, unaokoa 7,500. Zote pamoja 21,300 kwa mwezi, yaani 710 kwa siku. Zichukue, ni hela. Lakini pengo ni 5,200. Kununua kwa jumla hakuwezi kuliziba, na mama wa watu asilaumiwe eti hanunui kwa jumla wakati anaachiwa hela ya siku moja moja. Kiroba cha 39,000 hakinunuliwi kwa 10,000.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama uache 14,500, ambapo sehemu yake unaitoa mwanzo wa mwezi kama kiroba na dumu, ama mkae wawili mbadilishe mlo wenyewe, kwa mfano maandazi yapikwe nyumbani na wali uwe siku tatu kwa wiki. Mkinunua kiroba, mwezi wa kwanza angalieni kitu kimoja: unga ukiwa mwingi ndani, sufuria huongezeka yenyewe. Andikeni tarehe ya kukifungua juu ya kiroba. Kwa kilo moja na nusu kwa siku, kiroba kinatakiwa kifike siku 16. Kikiisha siku ya 12, zile 240 mlizookoa kwa kilo zimeliwa, na zaidi.

Nikiishiwa salio huwa nachukua ile huduma ya kuongezewa kwenye simu. Ni hela ndogo tu, 20,000 narudisha 21,000 baada ya wiki. Niiandike wapi?
*Msomaji, Tanga*

Ile 20,000 iandike ukurasa wa madeni, usiihesabu kama kipato chako. Ile 1,000 iandike kwenye matumizi, mstari wake peke yake, kwa jina la "bei ya hela". Ukichukua kila wiki, kwa mwaka umelipa 52,000 kwa kutumia 20,000 ileile. Wanaoita mikopo ya mtaani "kausha damu" mara nyingi wanasahau kwamba na wa simuni unakunywa, ila kwa kijiko. Njia ya kutoka ni kupunguza unachochukua kwa 2,000 kila wiki. Baada ya wiki kumi hudaiwi.

Ni mtumishi, mshahara wangu unafahamika, na kila kitu nimekipangia. Kinachonivuruga ni michango: harusi, send-off, kipaimara, misiba. Siwezi kukataa, nami nilichangiwa.
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, hii si dharura, maana dharura haiji kila mwezi. Ichukulie kama kodi ya nyumba. Rudi kwenye simu yako na makundi ya kamati, orodhesha kila ulichotoa kwa miezi 12 iliyopita, harusi upande wake na misiba upande wake. Tuseme harusi na sherehe ni 540,000 na misiba 120,000. Jumla 660,000, kwa mwezi 55,000. Hilo ndilo fungu, na linatengwa siku ya mshahara.

Ugumu wa michango ni kwamba unatumia hela siku ya kuahidi, na unaitoa siku nyingine. Kadi ikifika ukaandika ahadi ya 50,000, hiyo 50,000 imeshaondoka hata kama harusi ni Desemba. Weka ukurasa wenye safu nne: jina la shughuli, kiasi ulichoahidi, tarehe ya mwisho ya kamati, kiasi ulichokwishatoa. Kabla ya kuahidi kadi mpya, jumlisha ahadi ambazo hujamaliza. Zikizidi fungu lako la miezi miwili, hapa 110,000, kadi mpya inapata kiasi cha mtu mmoja, haipati cha wawili. Kamati hupenda upande "double". Huna sababu ya kueleza, sema utakuja peke yako.

Misiba haina kadi wala tarehe, kwa hiyo sehemu yake, 10,000 kwa mwezi kwenye mfano huu, isiguswe na harusi hata mwezi ambao hakuna aliyefiwa. Ikifika Desemba imebaki, isogeze Januari ikutane na ada na sare za shule. Na kuhusu "nami nilichangiwa": kama bado una daftari la kamati ya harusi yako, linatumika. Aliyekupa 30,000 mrudishie 30,000, ukiongeza kidogo kwa jinsi bei zilivyopanda. Hakuna aliyekudai mara mbili.

Daftari au programu ya simu?
*Kijana, Arusha*

Chochote utakachokifungua usiku ukiwa umechoka. Programu inajumlisha vizuri na haikosei. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazijui uliyempa 500 mkononi, na simu ikizima chaji saa tatu usiku siku hiyo haiandikwi. Daftari la kurasa 96 linatosha miezi mitatu kwa ukurasa mmoja kila siku. Andika salio la usiku juu ya ukurasa wa kesho kabla hujalifunga, ili asubuhi uanze na namba.